Ahadi ni Deni: Jinsi Sauti Ilivyoipasua TCP

Laini kuu za ARPANET, mtandao wa majaribio uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, zilikuwa na uwezo wa kupitisha kilobiti 50 kwa sekunde. Simu moja ya kawaida, ikigeuzwa kuwa ya dijitali kwa utaratibu wa makampuni ya simu, ilihitaji kilobiti 64. Kwa hesabu hiyo, mtandao uliounganisha kompyuta za vyuo na maabara kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine haukuwa na njia ya kutosha kubeba maongezi ya watu wawili tu. Hata hivyo, Agosti 1974 sauti ya binadamu ilisafirishwa humo, vipande kwa vipande, kati ya taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California na Maabara ya Lincoln ya MIT. Desemba mwaka huohuo sauti ikasafiri tena, safari hii ikiwa imebanwa hadi kilobiti 3.5 kwa sekunde. Wanaosimulia habari hizi hupenda kukaa kwenye ustadi wa kuibana sauti, na kweli ulikuwa ustadi mkubwa. Lakini ufinyu wa njia haukuwa kikwazo kigumu kuliko vyote. Kigumu zaidi kilikuwa wema wa mtandao wenyewe: ulijali mno kutopoteza kitu.

Kila ujumbe ulioingia ARPANET ulipokewa na kompyuta ndogo ya kupokezana pakiti, iliyoitwa IMP. Ukakatwa vipande, ndizo pakiti, ukasafirishwa, ukapangwa upya upande wa pili kwa mfuatano uleule, kisha stakabadhi ya kupokea ikarudishwa kwa mtumaji. Kipande kikipotea kilitumwa tena, na vilivyokuwa nyuma yake vikasubiri mlangoni mpaka mwenzao afike. Kwa mtu anayehamisha faili la hesabu za fizikia, huu ni utaratibu usio na kasoro, maana tarakimu moja ikikosekana faili zima limeharibika, na nusu sekunde ya kungoja haimpunguzii kitu. Mtu anayezungumza yuko katika hali nyingine kabisa. Silabi ikipotea, sikio la msikilizaji huliziba pengo lenyewe, hasa katika lugha aliyoizoea. Silabi ikichelewa, na zote za nyuma zikachelewa kwa ajili yake, maongezi yanavunjika. Ni sawa na "karibu" inayotamkwa wakati mgeni aliyepiga hodi amekwisha kuondoka: neno ni sahihi, limefika zima, na halina kazi tena. Ahadi ni deni, tunaambiwa tangu utotoni. Katika mitandao, ahadi ya kufikisha kila kitu ni deni linalolipwa kwa muda, na hulipwa hata na yule ambaye hakuiomba.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba intaneti iliweza kuhudumia mahitaji yanayopingana (barua, picha, simu, michezo, sinema) kwa sababu wajenzi wake walikubali kuiondoa ahadi hiyo kwenye msingi wakaiweka juu, mikononi mwa programu inayoihitaji. Walipojaribu baadaye kuweka ahadi nyingine chini, kwa jina la ubora, hazikuvuka mipaka ya mtandao wa mwenye mali mmoja. Aliyeliona jambo hili mapema ni Danny Cohen wa ISI. Cohen alikuwa ametoka kwenye kazi ya kuigiza urushaji wa ndege kwa kompyuta, kazi ambayo picha iliyochelewa humdanganya rubani kuhusu mahali ndege ilipo. Kwa ajili ya sauti, yeye na wenzake walitumia pakiti za aina ya pekee ambazo IMP zilizipitisha bila stakabadhi, bila kuzipanga na bila kuzituma tena. Pakiti hizo ziliruhusiwa kwa majaribio maalumu tu, kwa kuwa wasimamizi waliogopa zingeujaza mtandao. Juu yake wakajenga itifaki ya sauti iliyoitwa NVP, ambayo maelezo yake yalitolewa Novemba 1977. Kazi ya kuleta utulivu ikahamia kwa mpokeaji: kila pakiti ilibeba alama ya wakati, na kompyuta ya mpokeaji iliziweka akiba kwa kitambo kidogo kabla ya kuzisikilizisha, ili zilizowahi na zilizochelewa kidogo zitoke kwa mwendo mmoja. Iliyochelewa kupita kiasi ilitupwa. Atakayeamua kitambo hicho ni kirefu kiasi gani ni programu, ambayo peke yake inajua kama inabeba maongezi au hotuba.

Wakati huohuo, itifaki ya kuunganisha mitandao mbalimbali ilikuwa ikiandikwa kwa kufuata wema uleule wa zamani. Wasanifu wake, Vint Cerf na Bob Kahn, walichapisha muundo wao Mei 1974, na ndani yake itifaki hiyo, TCP, ilikuwa kitu kimoja: ilielekeza pakiti kutoka mtandao hadi mtandao, na papo hapo ilihakikisha kila baiti imefika kwa mpangilio. Hapakuwa na namna ya kupata kazi ya kwanza bila kuichukua ya pili. Agosti 1977 Jon Postel, naye wa ISI, aliandika waraka mfupi na mkali akilalamika kwamba TCP inachanganya kazi mbili za ngazi mbili tofauti. Januari 1978 yeye, Cerf na Cohen wakakubaliana kuipasua. Sehemu ya chini, IP, ingebeba pakiti moja moja na kujitahidi tu, bila kuahidi kuwa itafika. Sehemu ya juu ingebaki na jina la TCP pamoja na ahadi zake zote, kwa anayezitaka. Asiyezitaka akapewa njia yake Agosti 1980, pale Postel alipoiandika UDP katika waraka wa kurasa 3. Kichwa cha pakiti ya UDP kina baiti 8 tu: mlango wa kutokea, mlango wa kuingilia, urefu, na hesabu ya kugundua kasoro. Sijui waraka mwingine mfupi namna hiyo katika fani hii uliobeba mambo makubwa kiasi hicho.

David Clark wa MIT, aliyekuwa miongoni mwa wasanifu wakuu wa intaneti katika miaka ya 1980, alieleza sababu za mpasuko huo katika makala yake ya mwaka 1988. Sauti ni shahidi mmoja. Shahidi wake wa pili hutajwa mara chache, na mimi namwona ana uzito zaidi: programu ya XNET, ambayo mafundi waliitumia kuichunguza kompyuta iliyoharibika wakiwa mbali. Mtu angedhani fundi ndiye anayehitaji uhakika kuliko wote. Kumbe kompyuta anayoichunguza huenda imekwama, haina nguvu ya kutunza kumbukumbu za mazungumzo wala kutoa stakabadhi. Ukiidai itimize masharti yote ya TCP kwanza, hutaweza kusema nayo kabisa. Inatosha itume chochote inachoweza, na fundi ataomba tena pale palipokosekana. Kwa hiyo hitaji la kuondoa ahadi halikuwa anasa ya watu wa sauti. Liligusa hata kazi za tarakimu tupu, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema UDP ni kichochoro kilichoongezwa baadaye kwa ajili ya simu na video.

Itasemwa kwamba nawapa Wamarekani watatu walioipasua TCP sifa isiyo yao peke yao. Pingamizi hili lina haki. Louis Pouzin na wenzake nchini Ufaransa walijenga mtandao wa CYCLADES mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa pakiti huru zisizoahidiwa chochote, na Cerf na Kahn waliifahamu kazi hiyo. Watafiti wa Xerox huko California nao walikuwa na itifaki yao, Pup, yenye moyo uleule. Lakini hilo linaipa hoja nguvu zaidi. Watu waliofanya kazi mbalimbali, kwa fedha za wakubwa mbalimbali, walifikia uamuzi mmoja kila walipolazimika kuunganisha vitu visivyofanana. Walioshikilia ahadi ni mashirika ya simu ya Ulaya na Amerika, yaliyokuwa na huduma moja ya kuuza na yaliyoijua vizuri. Mtandao wao uliitengea kila simu njia yake tangu unaponyanyua mkono wa simu hadi unapoushusha, na kwa sauti ulikuwa bora kabisa. Kwa kitu kingine chochote ulikuwa mgumu. Kompyuta zilipotaka kupita humo ilibidi zijifanye sauti: modemu ililia na kufoka ili data ionekane kama mtu anayeongea, kama wanavyokumbuka wote waliowahi kuingia intaneti kwa laini ya simu ya mezani.

Mwaka 1984 Clark, pamoja na Jerome Saltzer na David Reed, walichapisha maelezo ya kanuni iliyokuwa nyuma ya haya yote: kazi inayoweza kukamilishwa sawasawa na pande mbili za mwisho pekee isilazimishwe katikati ya njia. Mfano wao mmoja ulikuwa tena wa sauti, nao unaishi hadi leo katika simu zetu za mkononi. Watu wawili wanaozungumza ana kwa ana wanaweza kuvumilia neno kupotea, maana msikilizaji atauliza "umesemaje?" na msemaji atarudia. Sauti ileile ikirekodiwa ili isikilizwe baadaye, hakuna wa kuulizwa. Hapo kuchelewa si kitu, na kupotea kwa neno ni hasara kamili. Anayetumia WhatsApp Mombasa au Bukavu anavuka mpaka huo mara kadhaa kwa siku bila kuuona. Akipiga simu, sauti yake kwa kawaida hupita kwa UDP, na pakiti zilizopotea husamehewa. Mtandao ukisumbua, akaamua kukata na kutuma ujumbe wa sauti, sauti hiyohiyo sasa inapelekwa kama faili lisiloruhusiwa kupungua hata biti moja, hata kama itachukua dakika nzima kufika. Koo ni lilelile, maneno pengine ni yaleyale, lakini ubora unaotakiwa umegeuka juu chini. Mtandao usingeweza kujua tofauti hiyo kwa kuiangalia sauti. Anayeijua ni mtumiaji, na baada yake programu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wahandisi wenyewe. Wanauliza: kwa nini mtandao usipewe macho, programu ikautangazia hitaji lake, nao ukaitendea ipasavyo? Wazo hili si geni, na halikudharauliwa. Kichwa cha pakiti ya IP, kama kilivyowekwa rasmi Septemba 1981, kina baiti moja kwa ajili hiyo: biti 3 za daraja la umuhimu, zilizorithiwa kutoka desturi za ujumbe wa kijeshi, na biti 3 za kuomba kuwahi, wingi au uhakika. Kwa miaka mingi ruta nyingi, yaani vifaa vinavyoelekeza pakiti njiani, zilizipita biti hizo bila kuzitazama. Sababu si ya kiufundi sana. Ikiwa kuomba kuwahi ni bure, kila mtu ataomba, na foleni ambayo kila mtu ana haki ya kupita mbele ni foleni ileile ya awali. Mwaka 1994 Robert Braden, Clark na Scott Shenker walileta mpango kamili zaidi, ambao ndani yake programu inaomba nafasi kwa kila mtiririko wa pakiti, na kila ruta njiani inakubali au inakataa. Itifaki ya maombi hayo, RSVP, ilikamilika mwaka 1997. Ndani ya maabara ilifanya kazi. Katika intaneti ya wote ilidai kila ruta ikumbuke kila maongezi yanayopita, na makampuni yasiyofahamiana yaheshimiane ahadi na kulipana kwa ajili yake. Hakuna aliyeziandika hati hizo za malipo. Desemba 1998 ukaja mpango mwepesi zaidi, wa kupanga pakiti kwa madaraja badala ya kuzijua moja moja, na huo unatumika mpaka leo.

Ila tazama unatumika wapi. Kampuni ya simu inayopitisha maongezi kwenye mtandao wake wa 4G huyatengea njia na kuyatanguliza, na hufanya vizuri. Benki yenye matawi mengi hukodi laini zenye daraja. Katika hali hizo anayetoa ahadi, anayeilipia na anayemiliki njia ni mmoja, au wanajuana kwa mkataba. Nakubali kwamba ndani ya kuta hizo ahadi ya chini inafaa, na anayeikataa huko anakataa ukweli. Pakiti ikishatoka nje ya kuta, alama yake ya daraja mara nyingi hufutwa au hupuuzwa na jirani. Ipo tofauti nyingine inayonigusa zaidi. Mtandao unaotenga nafasi humwambia aliyekuja wakati nafasi imejaa kwamba hawezi kupiga simu. Mtandao usioahidi humpokea, na programu yake hujibana. Mfumo wa kusimba sauti uitwao Opus, uliopitishwa mwaka 2012, unaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde na kupanda hadi 510, ukibadilika maongezi yakiendelea. Sauti ya kilobiti 6 si tamu. Lakini kwa mtu aliye pembezoni mwa mnara wa mwisho, anayetaka kujua mgonjwa ameamkaje, sauti isiyo tamu ni bora kuliko kuambiwa nafasi imejaa.

Wengine wanasema yote haya yaliokolewa na njia kuwa pana na nafuu, na kwamba programu zinazojirekebisha zilipata sifa ya bure. Upana ulisaidia sana, sitabisha. Hata hivyo hauelezi kila kitu, na Afrika Mashariki ni ushahidi mzuri. Mpaka mkonga wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti na dunia ilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Pakiti ilihitaji karibu robo sekunde kupanda na kushuka. Swali na jibu, nusu sekunde. Ungeweza kununua upana wote wa setilaiti ile usipunguze hata chembe ya muda huo, kwa sababu ni umbali, na mwanga una mwendo wake. Sasa fikiria kila pakiti ya sauti iliyopotea ikiombwa tena kwa njia hiyo: nusu sekunde nyingine juu ya ile ya kwanza. Mahali pa mbali ndipo deni la ahadi linapokuwa kubwa kuliko popote. Itifaki ya RTP, iliyotangazwa Januari 1996 na Henning Schulzrinne, Stephen Casner, Ron Frederick na Van Jacobson, ilitokana na kulijua hilo. Wenye kazi hiyo walikuwa wamerusha sauti ya mikutano ya wahandisi kupitia intaneti tangu 1992, bila nafasi iliyotengwa. RTP haiahidi kitu. Inabandika namba ya mfuatano na, kama NVP kabla yake, alama ya wakati, kisha inampa mpokeaji taarifa za kutosha kuamua mwenyewe.

Kuna swali ambalo halijibiwi kirahisi: je, pande za mwisho zinaaminika? Oktoba 1986 njia kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani nayo, umbali usiofika nusu kilomita, ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikituma tena na tena pakiti ambazo foleni ilizichelewesha, na kila marudio yakairefusha foleni. Van Jacobson alitafuta dawa, akaieleza mwaka 1988. Dawa hiyo hakuiweka katika ruta. Aliiweka ndani ya TCP ya kila kompyuta, ili mtumaji apunguze mwendo anapoona pakiti zinapotea. Ilifaulu kwa sababu wengi waliikubali kwa hiari. Anayetumia UDP hakufungwa na adabu hiyo, na hapa wakosoaji wako sahihi: uhuru uliotolewa mwaka 1978 ulikuja na uwezekano wa mtu kujaza njia ya wenzake. Jibu limekuja polepole, na halijakamilika. Programu kubwa za simu na video leo hupima msongamano na kujipunguza zenyewe, kwa kuwa asiyejipunguza huharibu kwanza sauti yake mwenyewe kabla ya ya jirani. Itifaki iliyotaka kuifanya adabu hiyo kuwa rasmi bila kurudisha ahadi ya kufikisha, DCCP, ilikuwa tayari tangu Machi 2006. Haikupata watu. Vifaa vya ulinzi na vya kugawana anwani vilivyojaa majumbani na maofisini vilizijua TCP na UDP tu, na vingi viliitupa pakiti yoyote yenye jina jingine.

Hivyo kila aliyetaka kubuni upya alibakiwa na mlango mmoja. Wahandisi wa Google walipoanza mwaka 2012 kuijenga QUIC, walitaka kuondoa kero ya kurasa za tovuti kusimama nzima kwa sababu ya pakiti moja ya picha iliyopotea. TCP haikuweza kubadilishwa kwa kasi, kwa kuwa imo ndani kabisa ya mifumo endeshi na vifaa vya njiani vinaichungulia. UDP ilikuwa wazi, kwa kuwa Postel hakuijaza kitu. Wakaujenga uhakika wao juu yake, mtiririko kwa mtiririko, ili anayepoteza angoje peke yake na wengine waendelee. QUIC ikatangazwa rasmi Mei 2021, ikiwa na stakabadhi, mpangilio na kutuma upya. Miezi 10 baadaye, Machi 2022, waraka mwingine wa kurasa chache ukaongezwa juu yake, kwa ajili ya simu, michezo na matangazo ya moja kwa moja. Unairuhusu programu kutuma ndani ya QUIC pakiti ambazo zikipotea hazitatumwa tena.